Kazi ya opali ya mashindano: kuchagua jiwe, kuchora, kutengeneza na kutuma

Kazi nyingi za mashindano ya opali huanguka kabla sonara hajawasha moto. Mbunifu huchora kwanza, akaupenda mchoro wake, kisha akaingia sokoni kutafuta jiwe la kujaza tundu alilolichora. Kwa yakuti samawi njia hiyo inapita, kwa kuwa mkataji atakupa ya milimita 8 kwa 6 leo na nyingine ya kufanana nayo kesho. Opali haina pacha. Kila jiwe lina upande wake wa kung'aa, unene wake, tabaka lake la rangi na udhaifu wake, na mchoro usioyajua mambo hayo utalibana jiwe mahali linapokufa rangi. Ndiyo maana hapa tunaanza na kanuni, tunakwenda kwenye jiwe, na penseli inakuja baadaye.

Kanuni

Mji wa Lightning Ridge, kaskazini mwa jimbo la New South Wales nchini Australia, ndio unaojulikana zaidi kwa opali nyeusi, na huko ndiko mashindano ya kimataifa ya ubunifu wa vito vya opali yalikojijengea jina. Mashindano ya aina hii hubadilisha vipengele na masharti yake, kwa hiyo soma kanuni za awamu unayoingia wewe. Zichapishe, kisha pigia mstari majibu ya maswali haya:

- Opali lazima iwe ya Australia, au ya nchi yoyote?
- Opali ya tabaka mbili au tatu zilizogundishwa inakubaliwa? Iliyofukizwa moshi ili iwe nyeusi, au kutiwa rangi je? Ya maabara je?
- Kunatakiwa mchoro peke yake, kitu kilichokamilika, au mchoro kwanza na kitu baadaye kwa waliochujwa?
- Opali iwe ndiyo kito kikuu? Almasi na vito vingine vina kikomo?
- Jina la mbunifu linafichwa? Likifichwa, muhuri wa sonara nyuma ya pete nao ufunikwe, na faili la picha lisiwe na jina lako.
- Kipengele cha mavazi kinataka vazi lenye opali halisi, au vazi lililobuniwa kutokana na rangi za opali?
- Nani anabeba bima na gharama za kurudisha kazi?

Swali la kwanza linawagusa sana wasomaji wa Afrika Mashariki. Opali ya kijani ya Haneti, Dodoma, ni nzuri na inashikika kwa bei, lakini ni opali isiyochezesha rangi: kijani chake kinatokana na nikeli, kimetulia, na ukiigeuza haibadiliki. Kama kanuni zinadai opali yenye mchezo wa rangi, ya Haneti inaweza tu kuwa kito cha kusindikiza. Opali ya Welo, Ethiopia, iliyoanza kumiminika sokoni kuanzia 2008, inachezesha rangi vizuri sana, ila si ya Australia na ina tabia zake ambazo tutazifikia.

Kuchagua jiwe

Opali ni silika iliyofungamana na maji. Ndani ya opali yenye rangi mna vitufe vya silika vya kipenyo cha takriban nanomita 150 hadi 300, vimepangwa safu juu ya safu kwa usawa wa ajabu. Watafiti wa shirika la CSIRO la Australia waliuona mpangilio huo kwa hadubini ya elektroni katika miaka ya 1960. Mwanga unapopita kwenye safu hizo hugawanyika. Vitufe vidogo hutoa zambarau na buluu peke yake, na nyekundu hupatikana pale tu vitufe vinapokuwa vikubwa. Ndiyo sababu nyekundu ni adimu na ghali. Lililo muhimu zaidi kwa mbunifu ni kwamba safu zina mwelekeo, basi na rangi ina mwelekeo.

Jipimie mwelekeo huo mwenyewe, usikubali wa muuzaji. Muuzaji analishika jiwe kwa vidole, analipinda mpaka liwake, na mkono wake unajua pembe hiyo kuliko anavyokiri. Wewe libandike kwenye plastisini juu ya karatasi nyeusi, chini ya taa moja iliyo juu na mbele yako kidogo. Lizungushe kama mshale wa saa, usimame penye kila namba ya saa, ya 1 hadi ya 12, na kila mara uandike rangi inayotawala na sehemu ya uso inayojazwa. Ukimaliza mzunguko, lisimamishe wima urudie. Kisha rudia kwa haraka katika mianga mingine mitatu: jua la moja kwa moja, kivuli cha mchana, na taa za mrija za ofisini. Mwanga uliotawanyika huizimisha opali, na meza za majaji mara nyingi huwa chini ya mwanga wa namna hiyo. Jiwe linaloishi kwenye jua tu litakuangusha ukumbini.

Sasa linganisha matokeo na aina ya kazi. Jiwe la pete hutazamwa kutoka juu, tena na mvaaji kuliko watu wengine. La kidani husimama wima kifuani na kutazamwa kutoka mbele. La hereni hubembea na kuonekana kwa ubavu, kwa hiyo linahitaji kuwaka katika saa nyingi, hata kama haliwaki sana katika saa yoyote. Jiwe zuri likiwa limelala na lililokufa likisimama ni la pete, hata kama lina umbo la tone linalokuvuta kulifanya kidani. Likiwaka kwa kuinama kidogo tu, unaweza kuinua upande mmoja wa kikalio chake, yaani sehemu ya metali linapokalia, nyuzi 10 hadi 15; huo ni uamuzi wa kubuni, na majaji wanaojua opali huuona.

Wafanyabiashara hupima weusi wa mwili wa jiwe kwa kipimo cha N1 hadi N9: N1 hadi N4 ni opali nyeusi, N5 na N6 ni ya giza, N7 hadi N9 ni nyepesi. Mwili mweusi huisukuma rangi mbele, na bei hupanda pamoja nayo. Lakini usidhani jiwe jeusi lina tiketi ya ushindi. Opali ya mwamba kutoka Queensland, ambayo huja na mwamba wake wa kahawia wenye chuma, hukatwa kwa kufuata mshipa wa rangi, kwa hiyo umbo lake huwa huru, na umbo huru humpa mbunifu neno la kusema ambalo duara kamili la opali nyeusi halimpi. Kwa fedha hiyo hiyo utapata pia uso mkubwa zaidi.

Kabla ya kulipa, kagua mambo haya kwa lenzi ya mara 10:

Nyufa. Washa tochi nyembamba ubavuni, jiwe likiwa kavu. Ufa wa kweli hukata rangi kama kioo kilichovunjika. Mstari wa kijivu usiokatisha mwanga mara nyingi ni opali butu (isiyo na mchezo wa rangi) iliyojipenyeza, na hauna hatari hiyo. Baadhi ya opali hupasuka zenyewe baada ya kukatwa, kwa kupoteza maji. Kinga ya maana ni kununua jiwe lililokatwa miezi kadhaa iliyopita na kuhifadhiwa likiwa kavu. Jiwe linalouzwa ndani ya kichupa cha maji usilichukulie la mashindano.

Tabaka. Litazame kwa ubavu. Mstari ulionyooka kama uliopigwa kwa rula kati ya rangi na mgongo mweusi ni dalili ya tabaka mbili zilizogundishwa. Kuba angavu la kioo au kwatzi juu yake ni tabaka la tatu. Katika opali nzima nyeusi mpaka huo huwa na mawimbi. Mawe ya mwamba yanatatanisha, maana mpaka wake wa asili nao unaweza kunyooka, kwa hiyo yakiwa yamefungwa tayari ndani ya metali usinunue.

Opali ya maabara. Imekuwa ikitengenezwa tangu miaka ya 1970. Madoa yake ya rangi yanaonekana kama magamba ya mjusi yakitazamwa juu, na kama nguzo zilizosimama yakitazamwa ubavuni.

Unyonyaji. Opali ya Welo hunyonya maji. Iguse kwa ncha ya ulimi: ikinata, ndiyo hiyo. Ikilowa huweza kuwa angavu kama kioo, ikapoteza rangi zake na kuongezeka uzito, na kuirudisha kwa kuikausha taratibu huchukua siku na wakati mwingine wiki. Hunyonya pia mafuta, manukato na rangi ya nguo, na hivyo vyote havitoki. Opali nyeusi ya Ethiopia ya bei nafuu mara nyingi imefukizwa moshi. Itangaze hivyo kwenye fomu, la sivyo itaondolewa.

Unene. Kwa pete usishuke chini ya milimita 2.5. Na usimwombe mkataji apunguze mgongo wa opali nyeusi ili ikae vizuri: weusi wa mgongo ndio unaobeba rangi, na tabaka la rangi lenyewe huenda halifiki hata milimita moja.

Ukikata mwenyewe, kata kwa maji yanayotiririka bila kukoma na uvae barakoa ya N95 au P2 hata hivyo. Vumbi la opali ni silika, na wanaoyajua machimbo ya Mererani wanajua silika inavyoyafanyia mapafu. Usilitie jiwe kwenye nta ya moto likiwa baridi. Litapasuka kwa mshtuko wa joto. Ligundishe kwenye kijiti kwa gundi baridi. Anza na gurudumu la almasi la namba 280, si 80. Nenda 600, 1200, 3000, umalizie kwa oksidi ya seriamu kwenye ngozi au feliti yenye maji. Jiwe likianza kuwa vuguvugu kidoleni, umeshachelewa kidogo. Kwa Welo gundi nayo ni hatari, maana inaweza kuingia ndani ya jiwe; mwachie mkataji aliyeizoea.

Nakala ya jiwe

Hatua hii hupuuzwa, nayo huokoa mawe mengi kuliko bima. Tengeneza nakala ya jiwe lako: lifunge kwa utando mwembamba wa plastiki kama ni la Welo (mafuta ya silikoni huingia), mimina silikoni ya kalibu, na ikikauka jaza utomvu wa epoksi, usubiri saa 24. Sasa sonara ana kitu cha umbo sawa cha kujaribia kikalio mara hamsini bila wasiwasi, na jiwe lenyewe linakaa kabatini mpaka siku ya kulifunga. Nakala ikienda na mchoro kwa sonara wa mji mwingine, huhitaji hata kumtumia jiwe.

Mchoro

Majaji wa hatua ya mchoro hawaoni jiwe lako. Wanaona karatasi, na karatasi lazima iwajibu mambo mawili: kitu hiki kinatengenezeka, na opali hii ni ipi.

Kwa la kwanza, chora kwa ukubwa halisi sura tatu: mbele, ubavu, nyuma, na vipimo kwa milimita. Sura ya nyuma huachwa na wengi, na ndiyo inayoonyesha kama umefikiria pini ya bizimu inakaa wapi au jiwe linashikwa na nini. Ongeza mchoro mdogo wa kitu kikiwa mwilini ili ukubwa ueleweke.

Kwa la pili, tumia karatasi ya kijivu cha kati na gwashi, ile rangi nzito ya maji isiyopitisha mwanga. Karatasi nyeupe huua mng'ao kwa kuwa huna cheupe zaidi cha kuwekea nuru. Paka kwanza mwili wa jiwe: kwa opali nyeusi, kijivu cha kaa chenye buluu kidogo, wala usitumie nyeusi tupu. Ikikauka, weka madoa ya rangi yenye kingo kali, ukiyanakili kutoka saa ile uliyoichagua kwenye jaribio lako. Madoa makubwa kwanza, kisha madogo kwa brashi namba 0. Usiyachanganye kingo. Opali iliyopakwa rangi zinazoyeyukiana kama upinde wa mvua inaonekana kama mafuta ya gari kwenye dimbwi, na hapo jaji anajua mchoraji hajawahi kuishika. Malizia kwa nukta moja nyeupe ya nuru upande wa juu kushoto na mstari mwembamba wa kivuli upande wa chini kulia. Nukta moja inatosha.

Kuhusu ubuni wenyewe: jiwe lenye kelele linataka metali iliyotulia. Opali yenye mabaka makubwa ya nyekundu na kijani ikizungushiwa almasi 40, nuru nyeupe ya almasi inalipigia jiwe kelele na macho yanachoka. Metali iliyokwaruzwa ikapoteza mng'ao hulisaidia zaidi kuliko iliyong'arishwa. Dhahabu ya njano huzipa joto opali za mwamba. Fedha iliyofifishwa ikawa kijivu huzifaa za buluu na kijani.

Ukitaka asili ya pwani, usibandike nakshi ya mlango wa Zanzibar kwenye kila kitu. Kuna jambo lenye mizizi zaidi: mafundi wa fedha wa Lamu wana desturi ya kuvizungushia vigae vya kaure za zamani ukuta wa fedha, kila kigae kikifuatwa kwa umbo lake lilivyovunjika, vikawa pete na vidani. Ujuzi huo wa kufuata ukingo usio na mpangilio ndio hasa opali ya mwamba inaoutaka. Sonara wa Lamu anayeweza kigae anaweza opali ya mwamba, akielezwa tu kuwa hii haivumilii kugongwa wala moto.

Kutengeneza

Opali ina ugumu wa 5.5 hadi 6.5 kwenye kipimo cha Mohs. Vumbi la kawaida lina kwatzi yenye ugumu wa 7, kwa hiyo hata kitambaa chenye vumbi kinaikwaruza. Haipendi joto la ghafla, haipendi mgongano, haipendi kubanwa mahali pamoja. Mengine yote ya sehemu hii yanatokana na hayo.

Njia salama ya kulishika jiwe ni ukuta wa metali unaolizunguka lote. Tumia fedha safi au dhahabu ya karati 22 ya unene wa milimita 0.3 hadi 0.4. Dhahabu nyeupe yenye nikeli ni ngumu na hurudi nyuma kama springi. Ukiisukuma kwa nguvu inayotosha kuikunja, jiwe ndilo linalokubali kwanza.

Tuchukue jiwe la yai la milimita 14 kwa 10, kimo milimita 4.5, ambalo kwa opali hufika karibu karati 3 na nusu. Urefu wa ukuta: jumlisha 14 na 10, gawa kwa 2, zidisha kwa 3.14, unapata 37.7. Ongeza unene wa ukuta mara 3.14, yaani 0.35 mara 3.14, ambayo ni 1.1. Jumla 38.8. Kata 39.3 upunguze kwa tupa, kwa sababu hesabu hiyo hupunja kidogo kadiri yai linavyorefuka. Kimo cha ukuta juu ya kikalio kiwe theluthi ya kimo cha jiwe, yaani 1.5. Kwa pete ongeza milimita 0.3 ili ukuta ndio upokee kipigo cha meza na si jiwe. Ukizidisha hapo unafunika rangi, na ukuta mrefu hukunjika kwa mikunjo.

Kikalio lazima kiwe sawa kabisa. Paka mgongo wa nakala ya jiwe wino wa kalamu, ukalishe, uzungushe kidogo, utoe: penye wino ndipo palipoinuka. Punguza hapo, rudia mpaka alama zienee pande zote. Jiwe likikalia nukta mbili tu, litapasuka siku unapolifunga au, vibaya zaidi, wiki moja baadaye likiwa njiani.

Lehemu kila kitu, weka kwenye maji ya tindikali, suuza, ng'arisha, piga muhuri. Maliza. Jiwe linaingia mwisho, na baada yake hakuna moto, hakuna tindikali, hakuna mashine ya altrasoniki wala ya mvuke. Ukigundua kiungo kimeachia baada ya kulifunga, toa jiwe kwanza. Kitambaa cha maji juu ya jiwe wakati wa kulehemu ni hadithi inayomalizika vibaya.

Kulifunga: sukuma ukuta kwa kisukumio cha mkono, kaskazini, kisha kusini, mashariki, magharibi, halafu katikati ya hizo, kila mara kidogo tu. Usitumie nyundo ya mashine. Ukuta ukishalala, pitisha kisuguo cha chuma kilicholainishwa kingo zake. Funika uso wa jiwe kwa utepe wa karatasi kabla ya kugusa metali kwa msasa. Gurudumu la mpira lenye mchanga likiteleza milimita moja, kung'arisha upya ndiyo njia pekee. Dawa ya kung'arishia, ile nyekundu au ya kijani, huingia kwenye vinyweleo vya mwamba na haitoki, basi kwa opali ya mwamba maliza ng'arisho lote kabla.

Ukilazimika kulishika jiwe kwa kucha za metali badala ya ukuta, ziwe sita badala ya nne, na zisikae kwenye ncha ya tone; ncha ipewe umbo la V la metali lenye nafasi ndogo ndani. Opali ya tabaka mbili usiipe kikalio kinachokusanya maji, kwani maji yakiingia kwenye gundi huacha ukungu wa kijivu usioondoka.

Uzito nao hupimwa, kwa kuwa majaji huvaa. Hereni isizidi gramu 8 hadi 10 kwa sikio, na kijiti chake kiwe cha milimita 0.8 au 0.9. Bizimu ipinduliwe ukague pini: pini ikiwa katikati au chini, kitu kinainamia mbele na jiwe linatazama sakafu. Weka pini theluthi ya juu.

Kipengele cha mavazi

Hapa masonara huangushwa na mafundi cherehani, na mafundi cherehani huangushwa na pasi. Mtazamaji wa jukwaani yuko mita 5 hadi 10 kutoka kwako. Jiwe la milimita 6 halipo kwake. Chagua kipande kimoja kikubwa cha opali ya mwamba, au kusanya mawe madogo pamoja yasomeke kama uso mmoja. Buluu iliyokoza humezwa kwa mbali. Kijani na nyekundu hufika. Kitambaa kiwe kisichong'aa: krepu, pamba nzito, hariri ghafi. Shanga na vipande vya kumetameta vikikaa jirani na opali vinaifunika kabisa.

Kitenge chenye maua makubwa kina tatizo hilo hilo. Kanga inaweza kukusaidia ukiitazama kwa mpangilio wake na si kwa maua yake: pindo linalozunguka na mji ulio wazi katikati. Vazi lenye pindo zito la giza na mji mtulivu, jiwe likiwa mahali pamoja tu mjini, linajieleza hata kwa jaji asiyejua kanga ni nini.

Jiwe lisishonwe moja kwa moja. Litengenezee kikombe cha fedha chenye vishikizo vinne vya nyuma, kifungwe kwa vifungo vya kubana, ili litolewe kabla ya pasi. Mvuke wa pasi unatosha kulipasua. Nyuma ya kitambaa weka kipande cha kanvasi ya kola kilichopita jiwe kwa sentimita 3 kila upande, la sivyo hariri itavutwa na kuning'inia kama mfuko. Manukato na dawa ya nywele vipulizwe kabla ya jiwe kuvalishwa, na kwa opali ya Welo isivaliwe kwenye ngozi yenye mafuta hata kidogo.

Picha na maelezo

Taa moja yenye mwelekeo, mandhari ya kijivu, kamera kwenye miguu mitatu. Tafuta ile saa ya jiwe, kisha punguza mwanga wa kamera kwa hatua moja. Kamera ikiona jiwe la giza hujaribu kuangaza kila kitu na nyekundu inageuka chungwa. Usiongeze rangi kwenye programu. Jaji ataona kitu chenyewe baadaye, na tofauti hiyo hukumbukwa. Kama video inaruhusiwa, sekunde 10 za kugeuza taratibu zinashinda picha tano.

Maelezo yaanze na ukweli: aina ya opali, inakotoka, uzito kwa karati, kama imetendewa chochote, metali na usafi wake. Halafu sentensi mbili tatu za wazo. "Uzuri wa asili" na "safari ya maisha" majaji wameshazisoma.

Kutuma

Anza mipango miezi miwili kabla. Kampuni kadhaa za usafirishaji hazipokei vito, au huvipokea bila bima. Uliza kwa maandishi. Tanzania, vito vinavyotoka nchini hupitia Tume ya Madini, kwa hiyo peleka jiwe na risiti yake ya ununuzi, na kama uliliingiza kutoka nje uwe na hati za kuingizia. Kwenye ankara ya forodha andika kuwa kitu ni cha maonyesho na kitarudi, na uweke thamani ile ile iliyo kwenye bima. Thamani mbili tofauti ndizo zinazokwamisha mizigo.

Australia ni kali kuhusu viumbe na mimea. Usitumie kisanduku cha mbao mbichi, majani makavu, mkeka, manyoya wala mbegu kama mapambo ya kifungashio, hata kama yanapendeza. Pembe, gamba la kasa na matumbawe yasiwemo katika kazi kabisa. Tumia kisanduku kigumu cha plastiki ndani ya katoni, sifongo iliyochongwa umbo la kitu, na mfuko uliofungwa usiopitisha hewa. Nafasi ya sentimita 5 kila upande. Kwa Welo weka ndani mfuko wa pili. Usilitie jiwe mafuta kulikinga na safari: kwa opali ya Australia hayafanyi kitu, na ya Welo yataiharibu.

Mwishoni weka kadi ya mistari michache kwa watakaokishika: kisafishwe kwa kitambaa chenye unyevu tu, kisiachwe chini ya taa za halojeni kwa siku nzima, kisiingizwe kwenye mashine yoyote. Piga picha ya kila upande kabla ya kufunga, pamoja na picha ya kisanduku kikiwa wazi, na utume picha hizo kwa waandaaji siku hiyo hiyo. Kazi ikirudi na ufa, picha hizo ndizo kampuni ya bima itakazoziomba kwanza.